Barnaba na Mashine ya Picha

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali ya Mkomaindo kupimwa macho, nikamkuta Hilda kwenye benchi la tatu, ameshika kadi yake kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kubatizwa. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na moja. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, kwa kuwa alikuwa akimwelekeza muuguzi namna bora ya kupanga foleni. Tulisalimiana, tukahesabiana wajukuu, tukawataja waliotangulia mbele ya haki, kisha Hilda akaniuliza, kwa sauti ileile ambayo zamani ilitoka bwenini ikafika kanisani, "Agnes, unamkumbuka yule panya tuliyempoteza Mnyambe?" Benchi zima liligeuka. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amemleta bibi yake aliacha simu. "Tuliyempoteza wewe na nani?" nikamwambia. "Mimi ndiye niliyempoteza. Wewe ulikuwa unacheka." Bibi wa yule kijana akataka kujua panya mmoja ana nini hata akumbukwe mpaka uzeeni. Tulianza kumweleza, lakini kila mmoja alieleza kivyake, tukapingana juu ya rangi ya kapu, na muuguzi akatuita kabla hatujafika mwisho. Nimeona niiandike habari hii mwenyewe, kwa mpangilio, wakati bado naona mistari ya daftari.

Habari za wazazi wangu na ukoo wetu si za sura hii. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nasomea ualimu kwenye chuo cha wasichana cha misheni huko Masasi, na Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba anafunga mizigo. Nilikuwa na tabia ya kuandika maneno ya watu kwenye daftari dogo lenye jalada la bluu. Sikuyaandika kwa ubaya. Nilipenda tu kujua nani alisema nini, saa ngapi, na alikuwa ameshika nini mkononi. Mkuu wetu alikuwa Bibi Winifrida. Wanawake wote wa kizungu wa misheni tuliwaita Bibi, hata wale wasiokuwa na mvi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili sahihi kabisa kisichokuwa na kona wala kificho. Akitaka chumvi alisema, "Ninataka chumvi." Akikuona umenenepa alikuambia umenenepa, akakupongeza.

Bibi alirudi kutoka likizo ya Ulaya mwezi wa sita, na lori lililomtoa Mtwara lilishusha vitu viwili ambavyo Masasi haikuwa imeviona. Cha kwanza kilikuwa sanduku jeusi, ndani yake mashine ya kuonyesha sinema, ya kuzungushwa kwa mkono, pamoja na mikebe saba ya picha za zamani alizopewa na kaka yake. Cha pili kilikuwa mkebe wa biskuti uliotobolewa matundu. Alikifungua hiki cha pili kwenye meza ya chumba chake cha kulia, mbele yangu, Hilda, na mpishi wake Mzee Simoni, akatoa kwenye pamba mnyama wa ukubwa wa ngumi. Rangi yake ilikuwa ya mkate uliookwa vizuri, tumbo jeupe, macho kama punje mbili za pilipili manga, na mkia mfupi kiasi kwamba ulionekana kama makosa. Bibi alisema anaitwa hamsta, ni wa kiume, jina lake Barnaba, na ametoka naye Southampton. Mzee Simoni alimzunguka mara mbili akiwa na mwiko mkononi. "Bibi," akauliza kwa adabu, "nimwandalie chakula, au nimwandae yeye?" Bibi akajibu kwamba anakula mbegu, karoti na majani mabichi. Jikoni, baadaye, nilimsikia Mzee Simoni akimwambia mchota maji: "Sisi tunawachimbua kwa jembe, wao wanawapandisha meli."

Hapa sina budi kumkumbusha msomaji wa mbali jambo ambalo kwetu halihitaji kuelezwa. Panya wa shambani, siyo yule wa nyumbani, ni mboga, tena mboga ya heshima. Baada ya mavuno watu huchoma nyasi, huchimbua mashimo, na panya huchemshwa kwa chumvi, hupangwa kwenye vijiti na kukaushwa juu ya moto. Kwa utani tunamwita samaki nchanga, samaki wa mchangani, na mgeni akiletewa kijiti kizima anajua amependwa. Hivyo Barnaba alipowekwa kwenye kizimba cha mbao barazani kwa Bibi, watu walikuja kumtazama kwa macho ambayo Bibi aliyaita ya upendo. Wengine walimbonyeza mbavu. Padre mmoja aliyepita kutoka Newala aliuliza polepole kama jina la mtume ndilo lililofaa, Bibi akamjibu kwamba Barnaba maana yake ni mwana wa faraja, na huyu anamfariji. Padre alimalizia chai yake akaomba kikombe cha pili.

Kazi ya kumtunza nilipewa mimi, kwa sababu Bibi aliona daftari langu akadhani mtu anayeandika kila kitu hawezi kusahau kumlisha mnyama. Nilimzoea polepole. Alilala mchana kutwa na kuamka jua likizama, akajaza mashavu yake karanga mpaka kichwa kikapita mwili, kisha akazihamisha zote kona ya pili ya kizimba, kana kwamba kodi ilikuwa inakuja kukusanywa. Nilimwandikia ukurasa mzima. Lakini nisiseme uongo: sikumtunza kwa ajili yake. Nilimtunza kwa ajili ya ile mashine.

Kila Jumamosi alasiri Bibi alitundika shuka lake la kitanda kwenye ukuta wa chumba cha kushonea, tukaziba madirisha kwa blanketi na mikeka, taa ya mashine ikaunganishwa na betri ya lori, na Hilda, mwenye mikono ya kutwangia, akazungusha mpini. Joto lilikuwa la tanuri. Harufu ya blanketi, ya mafuta ya mashine, na ya wasichana arobaini waliotoka kufua. Halafu shuka lilipata uhai. Watu weupe wa kijivu walikimbia, walianguka, walitupiana maandazi ya krimu, na hakuna aliyetoa sauti hata moja. Midomo ilikwenda tu. Sijui kueleza furaha ile. Nilikuwa nimezoea kusikia maneno ya watu bila kuwaona, nyuma ya milango na kuta za makuti, na sasa kwa mara ya kwanza niliwaona watu bila kuyasikia maneno yao, na maneno yalinijia yenyewe. Kila baada ya muda yalitokea maandishi ya Kiingereza, Bibi akayasoma, na mtu mmoja alisimama kando ya shuka na fimbo kuyatoa kwa Kiswahili. Mtu huyo aliitwa msemaji. Bibi aliwajaribu wanne, akanichagua mimi, kwa masharti mawili aliyoyatamka akihesabu kwa vidole. La kwanza: "Utasema kilichomo kwenye picha, basi. Hutaongeza." La pili: "Anayeaminiwa kwa Barnaba ndiye anayeaminiwa kwa picha. Ukishindwa moja, umeshindwa yote, na Hilda atasema." Hilda alinitazama akapiga ngumi kiganjani, kwa utani, ila si utani wote. Naye aliitaka fimbo ile.

Mwezi wa kumi Bibi alipanga safari ya kupeleka picha juu mlimani, kwenye uwanda: siku moja Mnyambe, siku ya pili Newala. Barnaba hakuweza kuachwa, maana Bibi alikuwa amemsikia Mzee Simoni akiuliza kama mnyama yule huendelea kukua. Nilimtia kwenye kapu jipya la ukindu, nikamtandikia nyasi, nikamwekea karanga, na kwa kuwa jua la mwezi wa kumi halina huruma nikamfunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Nakitaja kitambaa hicho kwa sababu ndicho kilichoniponza. Lori lilipanda ule mlima kwa kuguna, vumbi jekundu likatuvaa, na tulipofika Mnyambe watu walikuwa wamejipanga mbele ya shule ya kanisa. Wanaume walimchukua Bibi kwenda kusalimiana na wazee. Mimi nilishuka upande wa pili nimebeba kapu kwa mikono miwili, na aliyenipokea alikuwa Mama Fransisi, mke wa mwalimu wa pale, ambaye nyumbani kwake ndiko tungelala. Mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye chale nzuri za Kimakonde mashavuni. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibuni, poleni na vumbi." Akapiga goti na yeye, akapokea kapu kwa mikono miwili, akafunua kitambaa.

Vigelegele alivyovipiga vilimwamsha Barnaba. "Jamani, njooni muone! Mboga! Wameniletea mboga! Tazameni alivyonona!" Wanawake sita walikuwa pale mara moja, kila mmoja kichwa kapuni. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Lakini Mama Fransisi alikuwa tayari anamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwaka jana wageni wa misheni walipokuja, nyumba ya mzee wa kanisa ilipelekewa sukari, na mimi niliyewapikia siku tatu sikupewa hata kiberiti. Mkasema mimi si mtu. Haya, leo mimi ni nani?" "Leo ni wewe, Mama Fransisi," wakaitika. Mdomo wangu nikaufunga. Kwetu mgeni hukabidhi zawadi yake ikiwa imefunikwa kitambaa safi, kwa mikono miwili, akiwa amepiga goti. Nilikuwa nimefanya yote matatu. Kumwambia sasa arudishe, mbele ya wale sita, ilikuwa ni kumvua nguo.

Nilimfuata jikoni, majirani wawili nyuma yangu. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo, nyeusi kwa moshi, mitungi ya maji imepangwa ukutani kama watu wa heshima, kwa maana juu kule maji yalifuatwa mabondeni na kila tone lilikuwa na historia ya miguu ya mtu. Barnaba alikuwa kwenye chungu, kifuniko juu na jiwe juu ya kifuniko. "Mama," nikaanza, "huyu mnyama..." "Usione haya kuleta mmoja, mwanangu. Mvua za mwaka huu zimewafanya adimu. Ila nimemtazama mashavu, yamevimba. Anaumwa meno?" "Ni karanga, mama. Anazihifadhi." "Kumbe! Basi amekuja na viungo vyake." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza mpango wake kwa uso uliong'aa: binti zake walikuwa wamekwenda bondeni kuchota maji, watarudi jua likiinama, na tukitoka kwenye sinema atampika, na kwa kuwa ni mmoja tu, hatagawanywa. Ataliwa na Bibi Winifrida peke yake. Mzima, na kichwa chake.

Nikatoka nje, nikamkuta Hilda anapanga mikebe. Nilipomweleza alikaa chini. Alicheka bila sauti, kama watu wa kwenye shuka, machozi yakimtoka. "Mwambie Bibi," akasema hatimaye. "Nimwambie, ili asimame katikati ya uwanja aseme, 'Ninataka panya wangu'?" Hilda akafikiri, akakubali kwamba ndivyo Bibi angesema hasa, neno kwa neno. "Basi mwambie Mama Fransisi." "Mbele ya nani? Hajawa peke yake tangu tumefika. Wanamfuata kumpongeza." Bibi alipita, akauliza, "Barnaba yuko vizuri?" Nikajibu kwamba yuko kivulini, amefunikwa. Nililiandika jibu hilo jioni ile kwenye daftari, kwa sababu lilikuwa la kweli kabisa na lilikuwa la aibu kabisa.

Darasa lilijaa hata watu wakakaa juu ya watu. Mama Fransisi alikaa mbele, kiti cha heshima, mkabala na shuka. Picha ya kwanza ilipita salama. Ya pili ilikuwa ya bwana mnene mwenye masharubu ambaye upepo unamnyang'anya kofia yake, naye anazunguka mji mzima kuitafuta, nyumba kwa nyumba, akichungulia madirisha, akifunua masufuria, mpaka anafika kwa mpishi mmoja wa kike mwenye aproni kubwa. Nilikuwa nimeisema mara nyingi, kila kofia mahali pake. Mpini ukaanza kuzunguka. Bwana mnene akatokea, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kwa uchungu. Nilimwangalia, na maneno yalinijia yenyewe.

"Ndugu zangu," nikasema, "bwana huyu ni mtumishi. Bibi yake alimkabidhi panya, amtunze kama mtoto wa nyumba. Amempoteza."

Mpini ulisita. Kisha Hilda, Mungu ambariki, akaendelea kuzungusha.

"Mtu mnene hivi, amempotezaje?" sauti ikauliza nyuma. "Alifika kwa mama mmoja mwema," nikasema, "akiwa amembeba kwa mikono miwili. Mama yule akadhani ni zawadi, kwa sababu hata wewe ungedhani hivyo. Akashukuru kwa moyo wote. Huyu bwana akashindwa kusema." Kwenye shuka bwana mnene alichungulia dirishani, akafukuzwa na mbwa. Watu walipiga makofi. "Bwege!" mzee mmoja akapaza sauti. "Kitu kikishapokelewa kimepokelewa!" "Ndicho anachoogopa, babu. Hataki kumwaibisha yule mama, maana hakuna aliyekosea ila yeye. Lakini panya asipopatikana, kazi yake imekwisha." Bwana alifunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akapepesuka. Nilihisi Bibi Winifrida akigeuka kitini mwake. "Agnes," akaniambia kwa sauti ya chini, "kofia iko wapi?" Mpishi mwenye aproni alikuwa ametokea, mikono kiunoni, na bwana mnene alikuwa amepiga magoti mbele yake, viganja pamoja.

Ndipo Mama Fransisi alipozungumza, siyo na mimi, bali na yule bwana. "Wewe," akamwambia, "huyo panya wako ana rangi gani?"

"Ya mkate, mama," nikamjibia. "Mkia hana. Mashavu yamejaa karanga."

Mashine ikawa inasaga peke yake. Mama Fransisi akasimama. Kivuli chake kilimfunika bwana mnene wote na magoti yake. Akatembea hadi mlangoni, akainua blanketi, na mwanga wa alasiri ukaingia ukafuta picha nzima, mpishi, aproni, na kila kitu. Nilisimama na fimbo yangu mbele ya shuka tupu, nikimfikiria akienda moja kwa moja kwenye mafiga, kwa hasira ambayo ningestahili. Hilda hakuacha kuzungusha. Blanketi likainuka tena. Mama Fransisi akaja hadi mbele, watu wakimpisha, akaweka chungu miguuni pangu, akaondoa jiwe.

"Mwambie huyo bwana mnene," akasema, akitazama shuka na siyo mimi, "kwa Mama Fransisi hajaliwa mtoto wa mtu. Na mwambie siku nyingine apanue mdomo wake, si magoti tu." Halafu akawageukia wale majirani sita: "Mmeona? Wengine waliletewa sukari. Mimi nimetafutwa kwenye sinema." Walipiga vigelegele, na nadhani ndivyo heshima yake ilivyotoka pale kubwa kuliko ilivyoingia.

Mezani, jua likiwa bado juu ya mikorosho, alituandalia ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na kutoka kwenye akiba yake mwenyewe iliyokaushwa juu ya moto, kijiti kizima cha samaki nchanga. Nilimtazama Bibi Winifrida. Kapu la Barnaba lilikuwa gotini pake. Alichukua mmoja, akamtafuna kuanzia kichwani, kwa utaratibu, akachukua wa pili. "Nimekaa Masasi miaka kumi na minne," akaniambia aliponiona nashangaa. "Huyu ni mboga. Yule ni Barnaba. Mimi sikuchanganya. Ungeniambia." Kisha akafuta vidole. "Nilisema usiongeze, ukaongeza. Nilisema umtunze, ukamtoa. Kesho Newala Hilda atasema." Hilda, aliyekuwa akimega ugali, hakufurahi nilivyotarajia. Mimi sikula tena. Nimefiwa mara nyingi tangu siku ile, na bado nalikumbuka tonge lile nililolirudisha sahanini. Mtu akiwa na miaka kumi na minane na kitu kimoja tu anachokiweza, kunyang'anywa kitu hicho ni jambo kubwa, hata kama ni fimbo ya kusimama kando ya shuka.

Newala ukumbi wa shule ulijaa zaidi. Nilipewa mpini. Hilda alisimama na fimbo, akasema vizuri, kwa sauti ya kengele, kila neno mahali pake. Bwana mnene akatokea, akashika kichwa. "Bwana huyu amepoteza kofia yake," Hilda akasema. Minong'ono ikaanza. "Kofia gani?" mtu akauliza. "Kofia yake," Hilda akarudia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. "Sisi tumetoka Mnyambe kwa miguu tangu alfajiri, na majirani zetu tumewaleta. Jana bwana huyuhuyu alipoteza panya. Mbona sisi wa leo tunapewa kofia?" "Panya yuko wapi?" wakaitikia nyuma. "Wamemficha!" "Panya! Panya!" Wakaanza kupiga miguu sakafuni, vumbi likapanda kwenye mwanga wa taa, na Hilda akashusha fimbo, akamtazama Bibi.

Bibi Winifrida alisimama. Nilidhani atawaambia ukweli, kwa sababu sikuwahi kumsikia akiwaambia watu kitu kingine. Alinyoosha sketi yake. Alimtazama bwana mnene aliyeganda kwenye shuka, maana nilikuwa nimeacha kuzungusha, mikono yake kichwani na mdomo wazi, akingojea apewe neno.

"Hilda, shika mpini," akasema. "Agnes, njoo hapa umpe mtu huyu panya wake."